Je, Wajua? Bessie Coleman: Mchuma Pamba Aliyevuka Bahari Kutafuta Leseni ya Urubani

Ukiuliza watu wakutajie mwanamke aliyerusha ndege enzi za mwanzo, wengi watasema Amelia Earhart. Leo safu hii inamleta Mmarekani mwingine, aliyepata leseni ya kimataifa ya urubani miaka miwili kabla ya Earhart, tena baada ya kufungiwa milango yote nyumbani kwao. Soma upesi, kisha mwulize jirani yako anajua mangapi kati ya haya.

TEXAS: PAMBA, HESABU NA NGUO ZA KUFUA

1. Je, wajua kwamba Bessie Coleman alizaliwa tarehe 26 Januari 1892, karibu miaka 12 kabla ndege ya kwanza yenye injini haijaruka? Alizaliwa katika mji mdogo uitwao Atlanta, jimboni Texas. Atlanta hii siyo ile kubwa ya Georgia.

2. Alikuwa wa kumi kati ya watoto 13 wa George na Susan Coleman. Wazazi wake walilima ardhi ya mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba, mtindo uliowaacha Weusi wengi wa Kusini na madeni mwaka hadi mwaka.

3. Bessie alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, familia ilihamia Waxahachie, hukohuko Texas. Alisoma shule ya Weusi yenye chumba kimoja, na kuifikia alitembea kilomita zipatazo 6. Msimu wa pamba ulipowadia, masomo yalisimama na watoto wakaingia shambani. Hata hivyo, alikuwa hodari wa hesabu.

4. Baba yake alikuwa na damu ya wenyeji asilia wa Marekani. Mwaka 1901, akiwa amechoshwa na ubaguzi wa Texas, aliondoka kwenda eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Susan alikataa kumfuata, akabaki na watoto na kujitafutia riziki kwa kazi za nyumbani mwa watu. Kwa sababu ya asili hiyo ya babake, Bessie huhesabiwa pia kuwa mwanamke wa kwanza mwenye damu ya wenyeji asilia kupata leseni ya urubani.

5. Je, wajua kwamba aliwahi kufika chuo kikuu? Mwaka 1910 alijiunga na chuo cha Weusi kilichoko Langston, Oklahoma, kwa akiba aliyojiwekea. Akiba hiyo ilitosha muhula mmoja tu. Akarudi Waxahachie kufua nguo za watu.

CHICAGO: KUCHA, MAGAZETI NA UTANI WA KAKA

6. Mwaka 1915 aliungana na kaka zake Chicago, kama walivyofanya maelfu ya Weusi waliokuwa wakihama Kusini kwenda miji ya viwanda ya Kaskazini. Alipata kazi ya kutengeneza kucha katika duka la kinyozi. Wateja wake walikuwa wanaume, na hapo alisikia mengi: vita, biashara, siasa na ndege.

7. Kilichomwasha ni utani. Kaka yake John alipigana Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi, alimcheka dada yake kwamba wanawake wa Ufaransa wamewazidi, kwani wao hurusha hata ndege. Bessie akaamua kwamba atarusha.

8. John hakuwa anatania bure. Mwanamke wa kwanza duniani kupata leseni ya urubani alikuwa Mfaransa, Raymonde de Laroche, mwaka 1910. Mmarekani wa kwanza mwanamke, Harriet Quimby, aliipata 1911. Wote wawili walikuwa Wazungu.

9. Shule za urubani za Marekani zilimkataa Bessie kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja: ni mwanamke, na ni Mweusi. Hata marubani Weusi wa kumfundisha hakuwapata.

10. Je, wajua aliyempa njia? Alikuwa mhariri. Robert S. Abbott, mwenye gazeti la Weusi la Chicago Defender, alimshauri asipoteze muda Marekani: ajifunze Kifaransa, aweke akiba, aende Ufaransa. Gazeti hilo lilikuwa na nguvu kubwa. Wahudumu Weusi wa magari ya moshi walilibeba hadi vijiji vya Kusini, na habari za Bessie baadaye zilisafiri kwa njia hiyohiyo.

11. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bessie alitaka cha angani, akalazimika kuvuka bahari. Alisoma Kifaransa mjini Chicago, akajiwekea fedha kutokana na kazi yake, akasaidiwa na watu wenye uwezo wakiwemo Abbott na mwenye benki Jesse Binga, kisha tarehe 20 Novemba 1920 akapanda meli Imperator kutoka New York.

UFARANSA: LESENI YA DUNIA NZIMA

12. Alijifunzia Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mahali mto Somme unapoingia baharini. Shule ilianzishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Caudron, watengenezaji ndege mashuhuri wa enzi hizo.

13. Ndege aliyojifunzia ni Nieuport 82, yenye mabawa mawili yaliyopandana, ya mbao na kitambaa. Haikuwa na breki wala usukani wa mviringo. Mwanafunzi alishika fimbo nene mkononi kuinua na kulaza ndege, na kwa miguu akasukuma mti wa kuongoza mkia. Ikitua, ilisimama kwa kuburuza mkia ardhini.

14. Akiwa masomoni alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali ya ndege. Aliendelea na masomo.

15. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa leseni ya Shirikisho la Kimataifa la Urubani, FAI. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mweusi wa Marekani kupata leseni ya urubani. Leseni hiyo ilitambulika nchi nyingi, wakati nchini mwake hakuna shule iliyokuwa tayari hata kumsajili.

16. Tazama mwaka wa kuzaliwa uliomo ndani ya leseni hiyo: 1896. Bessie alijipunguzia miaka minne.

17. Amelia Earhart alipata leseni ya FAI mwaka 1923. Na aliyemtangulia Bessie miongoni mwa Wamarekani Weusi ni Eugene Bullard, aliyepata ubawa wa urubani wa kijeshi mwaka 1917. Naye pia aliupata Ufaransa, katika jeshi la Ufaransa.

KURUDI NYUMBANI: MALKIA WA ANGA

18. Septemba 1921 alirejea Marekani na kulakiwa na waandishi wa habari. Lakini leseni haikuwa mkate. Mashirika ya kubeba abiria yalikuwa hayajashika kasi, na rubani wa kiraia aliishi kwa kufanya michezo ya angani mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Kazi hiyo ilihitaji ufundi zaidi, na mwalimu wa kumfundisha hakumpata. Februari 1922 akarudi Ulaya.

19. Safari hiyo alipita Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani. Uholanzi alikutana na Anthony Fokker, ambaye ndege zake zilikuwa zimetikisa Ulaya wakati wa vita.

20. Onyesho lake la kwanza Marekani lilifanyika tarehe 3 Septemba 1922 katika uwanja wa Curtiss, Long Island, New York. Lilikuwa la kuwaenzi askari wa Kikosi cha 369, askari Weusi waliopigana Ufaransa. Wiki sita baadaye alirusha ndege Chicago, mbele ya watu wake: akachora namba nane angani, akapindua ndege duara zima, akashuka karibu kugusa ardhi kabla ya kuinuka tena.

21. Magazeti yakampa majina: Malkia Bess, na Bessie Jasiri. Yeye mwenyewe aliielewa kazi ya jukwaani. Alivaa sare yenye sura ya kijeshi, buti ndefu na miwani ya urubani, naye hakuwachukia wapiga picha.

22. Ndege aliyoitumia sana ni Curtiss JN-4, maarufu kwa jina la Jenny. Jeshi la Marekani lilikuwa na nyingi zilizobaki baada ya vita, likaziuza kwa bei ya kutupa. Ndizo zilizofanya michezo ya angani ienee, na ndizo zilizoua marubani wengi, kwa kuwa injini zake zilikuwa dhaifu na zilizeeka upesi.

23. Bessie aliyaonja hayo Februari 1923 huko California. Injini ya Jenny yake ilizima mara baada ya kupaa, ndege ikiwa kama mita 90 juu. Alivunjika mguu na mbavu. Akiwa kitandani alituma simu ya maandishi kuwaahidi mashabiki kwamba ataruka tena mara akiweza kutembea.

24. Je, wajua alichokuwa akikitafuta muda wote huo? Shule. Alitaka kufungua shule ya urubani itakayopokea Weusi, wanaume kwa wanawake, ili asiwepo tena wa kulazimika kwenda Ufaransa. Fedha za maonyesho zililenga huko. Alizunguka pia makanisani, shuleni na kwenye kumbi za sinema akitoa mihadhara na kuonyesha filamu za safari zake za angani.

ALIYOYAKATAA

25. Aliwahi kupewa nafasi ya kuigiza katika filamu, akaikubali akitumaini malipo na sifa vitasaidia shule. Kisha akasoma tukio la kwanza: atokee amevaa matambara, ana mkongojo mkononi na furushi mgongoni, picha ileile ya Mweusi mjinga anayeingia mjini. Akaondoka. Aliowakasirisha kwa uamuzi huo walikuwa watu wenye fedha na majina, na uliendelea kumgharimu kikazi.

26. Tarehe 19 Juni 1925 alifanya onyesho lake la kwanza Texas, mjini Houston. Siku haikuwa ya kubahatisha. Ni siku ambayo mwaka 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao, na Weusi wa jimbo hilo huisherehekea kila mwaka.

27. Kwao Waxahachie waandaaji walipanga milango miwili ya kuingilia uwanjani, mmoja wa Wazungu na mwingine wa Weusi. Bessie akasema hataruka mpaka watu wote waingie kwa mlango mmoja. Walikubali. Ndani, hata hivyo, walikaa kwa kutenganishwa. Nusu ushindi huo usifichwe, kwani ndivyo Texas ya mwaka 1925 ilivyokuwa.

28. Florida alipata marafiki wa dhati, Mchungaji Hezekiah Hill na mkewe Viola wa Orlando, waliomkaribisha nyumbani kwao. Mjini humo alifungua saluni ili kuongeza fedha za shule. Hivyo rubani mwenye leseni ya kimataifa alirudia kazi ya urembo aliyoifanya Chicago.

TAREHE 30 APRILI 1926

29. Mwaka 1926 alipata fedha za kumalizia deni la ndege nyingine kuukuu aina ya Jenny. Aliyemsaidia ni Edwin Beeman, kijana wa familia tajiri iliyotajirika kwa chingamu. Fundi wake William Wills, mwenye umri wa miaka 24, aliirusha kutoka Dallas hadi Jacksonville, Florida, na njiani ilimlazimisha kutua zaidi ya mara moja kwa hitilafu.

30. Onyesho lilipangwa Mei mosi. Siku moja kabla, Wills na Bessie walipaa kuukagua uwanja. Wills ndiye aliyekuwa akiiendesha. Bessie, ambaye kesho yake alikusudia kuruka kwa mwavuli, hakufunga mkanda, kwa kuwa alihitaji kuchungulia chini kutafuta mahali pa kushukia.

31. Ghafla ndege ilielekeza pua chini na kuanza kuzunguka. Bessie akarushwa nje, akafa papo hapo alipofika ardhini. Wills alikufa ndege ilipoanguka. Uchunguzi ulionyesha kuwa spana iliyoachwa ndani ya ndege iliteleza na kukwama kwenye mitambo ya kuiongoza. Bessie alikuwa na umri wa miaka 34.

32. Alifanyiwa ibada tatu za mazishi: Jacksonville, Orlando na Chicago. Maelfu ya watu walijitokeza Chicago, na aliyeongoza shughuli huko ni Ida B. Wells-Barnett, mwandishi aliyetumia maisha yake kupambana na mauaji ya Weusi kwa mikono ya makundi ya Wazungu. Bessie alizikwa katika makaburi ya Lincoln, nje kidogo ya jiji.

33. Siku 20 baada ya kifo hicho, tarehe 20 Mei 1926, Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria ya usafiri wa anga iliyoipa serikali kuu kazi ya kutoa leseni kwa marubani na kukagua ubora wa ndege. Enzi ya Jenny kuukuu zilizorushwa bila ukaguzi ikaanza kufika mwisho.

SHULE ZILIKUJA BAADAYE

34. Mwaka 1929 William J. Powell, askari wa zamani wa Vita vya Kwanza, alianzisha Los Angeles klabu ya urubani iliyoitwa kwa jina la Bessie Coleman. Ilipokea wanawake na wanaume. Mwaka 1931 klabu hiyo iliandaa onyesho la ndege la marubani Weusi lililovuta maelfu ya watazamaji. Mwaka 1934 Powell alichapisha kitabu, Black Wings, akakitabaruku kwa Bessie.

35. Chicago nako, vijana waliokuwa mafundi wa magari, Cornelius Coffey na John C. Robinson, waliunda chama cha marubani Weusi kilichoitwa Challenger. Viwanja vya ndege vilipowakataa, walitengeneza cha kwao katika mji wa Weusi wa Robbins, Illinois. Kuanzia 1931 walianza desturi ya kuruka juu ya kaburi la Bessie kila mwaka na kudondosha maua.

36. Je, wajua kwamba kundi hilo lilifika hadi Afrika? Mwaka 1935 John Robinson alikwenda Ethiopia, na Mfalme Haile Selassie akampa uongozi wa kikosi chake kidogo cha ndege wakati Italia ilipovamia. Baadaye alirudi Ethiopia kufundisha marubani, na akafia Addis Ababa mwaka 1954 kutokana na ajali ya ndege.

37. Willa Brown, mwanamke wa kwanza Mweusi kupata leseni ya urubani ndani ya Marekani kwenyewe, aliipata mwaka 1938. Hiyo ni miaka 17 baada ya Bessie kupewa ya Ufaransa. Yeye na Coffey waliendesha shule ya urubani Chicago, na baadhi ya wanafunzi wao waliingia katika kikosi cha marubani Weusi wa Tuskegee waliopigana Vita vya Pili vya Dunia.

JINA LAKE LEO

38. Septemba 1992, Mae Jemison alipokuwa mwanamke wa kwanza Mweusi kwenda anga za juu, ndani ya chombo Endeavour, alibeba picha ya Bessie Coleman.

39. Barabara katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ina jina lake tangu 1990. Iko nyingine Oakland, California, na mtaa mwingine karibu na uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani.

40. Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 32 yenye sura yake mwaka 1995. Mwaka 2001 aliingizwa katika Jumba la Taifa la Wanawake Mashuhuri, na mwaka 2006 katika lile la urubani.

41. Tarehe 26 Januari 2017, Google iliweka mchoro wake kwenye ukurasa wake wa mbele, kuadhimisha miaka 125 tangu azaliwe.

42. Agosti 2022, shirika la American Airlines liliendesha safari ya Dallas hadi Phoenix kwa heshima yake. Wahusika wote wa safari hiyo, kuanzia marubani na wahudumu hadi mafundi na wapakia mizigo, walikuwa wanawake Weusi.

43. Mwaka 2023 sura yake ilichorwa kwenye sarafu ya Marekani ya senti 25. Sarafu hiyo ina tarehe ya leseni yake, 15 Juni 1921. Mwaka huohuo akatengenezewa mwanasesere wa Barbie.

44. Na hili wengi hawalijui: kwenye Pluto kuna mlima unaoitwa Coleman Mons, kwa heshima ya Bessie. Ni jirani wa Wright Mons, mlima wenye jina la ndugu Wright, waliorusha ndege ya kwanza.

NENO LA SAFU

Wanaomsimulia Bessie Coleman huishia kwenye neno "wa kwanza", nalo ni kweli. Lakini yeye mwenyewe aliuhesabu uanzilishi huo kuwa mtaji wa kujengea shule, na shule hiyo hakuiona. Waliomsoma magazetini ndio walioijenga: Los Angeles, Chicago, na mmoja wao akaupeleka ujuzi huo hadi Addis Ababa. Mwalimu unayesoma safu hii, ukimtaja darasani usiishie kwenye leseni. Waeleze wanafunzi pia juu ya mlango mmoja wa Waxahachie na filamu aliyoikataa, maana hayo aliyafanya akiwa anahitaji fedha.